Kufundisha Kiingereza ng'ambo na pasipoti ya Kenya: uliza viza kwanza, mshahara baadaye

TichaKayole (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Kila nikifungua simu nakuta mwalimu ananiuliza habari za kwenda Asia kufundisha Kiingereza, na karibu wote huanza na swali moja: "Wanalipa ngapi?" Nimeona niandike hapa mara moja, halafu atakayeuliza nimrushie huu uzi.

Kwa wasionijua, nilifundisha akademi moja huku Eastlands, nikaenda Thailand, nikafundisha mkoani kwa miaka kadhaa, nikarudi Nairobi. Sina ofisi, sipeleki mtu, na sitaki hela ya mtu.

Kitu cha kwanza kuuliza ni hiki: nchi hiyo inampa Mkenya viza ya kufundisha Kiingereza, ndiyo au la? Kiingereza chako hakina shida. Umekisoma tangu utotoni, umefanyia KCSE, umefanyia digrii, na pengine umekifundisha hadi ukaota unasahihisha insha. Shida ni kwamba baadhi ya nchi hazipimi ulimi, zinapima jalada la pasipoti.

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi kabisa. Viza yao ya mwalimu wa lugha inaitwa E-2, na kwa Kiingereza kwa kawaida wanawapa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo. Kwa hiyo ajenti akikwambia ana nafasi ya chekechea pale Seoul, ujue ana nafasi ya kitu kingine.

Uchina nako kanuni yao inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, na ofisi nyingi za vibali husoma hilo kwa kuangalia pasipoti. Kuna Wakenya wanaofundisha hesabu na sayansi kwenye shule za kimataifa kule, na hao wako kihalali. Wapo pia wanafunzi wetu wanaofundisha Kiingereza jioni kwa viza ya masomo. Sheria ya Uchina kwa anayefanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito ni mahabusu siku 5 hadi 15. Baada ya hapo unaweza kurudishwa nyumbani, na masomo yako yameishia hapo.

Thailand haina orodha ya mataifa namna hiyo. Ubaguzi upo, tena upo wazi kwenye matangazo, ila sheria inamruhusu asiye mzawa wa Kiingereza. Unahitaji digrii, alama za mtihani wa Kiingereza (shule nyingi hutaka TOEIC 600 kwenda juu), cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara yetu ya upelelezi wa jinai), na shule iliyo tayari kukusimamia. Viza inaitwa Non-B. Ukishaingia, shule inakutafutia kibali cha kazi, na kwa sababu wewe si mwalimu uliyesajiliwa kule, inakuombea ruhusa ya muda kwa baraza lao la walimu linaloitwa Khurusapha. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji kwamba bado unaishi palepale. Ukitoka nchini wakati wa likizo bila kuchukua kibali cha kurudi, viza yako imekufa.

Nitaendelea kwa maswali. Ulizeni.

BintiWaMwea

Asante sana mwalimu. Mimi bado nauliza lilelile ulilolikataa: wanalipa ngapi? Maana mama yangu hataniuliza habari za Khurusapha.

TichaKayole

Haha, haya dada. Mimi nilianza na baht 25,000 kwa mwezi. Kwa bei ya sasa hiyo ni kama laki moja ya Kenya. Chumba chenye kitanda, feni na bafu kilinigharimu baht 3,500, na chakula cha barabarani ni rahisi kuliko kupika.

Sasa upande wa pili. Kijana Mwingereza tuliyekaa naye meza moja alianza na 38,000. Vipindi vyetu vilikuwa sawa, madarasa yaleyale. Karatasi zake za mtihani nilikuwa nazipitia mimi kwanza, kwa sababu mkuu wa idara alishagundua nani anajua tofauti ya kishazi na kirai. Utaumia. Kila mtu huumia mwezi wa kwanza. Baadaye unajiuliza unataka haki au unataka karo ya mdogo wako, na jibu unalijua.

Kuna mtego mmoja hauandikwi kwenye tangazo. Mwaka wao wa shule unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi. Ukiajiriwa kupitia wakala badala ya shule yenyewe, mkataba mara nyingi ni wa miezi 10. Likizo ya Machi na Aprili hakuna mshahara, na kodi ya nyumba haijui habari ya likizo. Soma ukurasa wa mwisho wa mkataba kabla ya kusoma wa kwanza.

Jirani_Rongai

Boss, hebu tuambie maisha yenyewe. Hizi hesabu tumezoea. Darasani kukoje? Wanakuheshimu mtu mweusi?

TichaKayole

Hili swali nalipenda.

Asubuhi unakuwa na zamu ya getini. Unasimama na walimu wenzako, watoto wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja anakutanisha viganja vyake kifuani na kuinamisha kichwa, nawe unarudisha. Watoto mamia, na huwezi kuruka hata mmoja. Saa mbili kamili bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unapigwa, na usithubutu kutembea hata kama umebanwa vipi. Ukifika saa mbili na dakika moja hujachelewa kazini tu, umepita mbele ya bendera, na hilo wanalikumbuka kuliko somo lako zuri la juma zima.

Heshima kwa mwalimu iko juu kuliko hapa kwetu. Mwezi wa sita kuna sherehe ya kuwaheshimu walimu, wanafunzi wanakuja na maua waliyoyapanga wenyewe, wanapiga magoti mbele yenu. Mara ya kwanza nilitaka kuwainua. Lakini heshima hiyo ina bei: mwanafunzi hakuulizi swali, na mwalimu mgeni humfelishi mtoto. Unamwandikia sifuri, unaitwa ofisini kwa upole, unaambiwa mpe kazi nyingine afanye. Unampa tena, na tena, hadi apite. Aliyezoea kutundika matokeo ya shule nzima ukutani pale Kayole, hapo ndipo atakapopata shida.

Matamshi ndiyo kazi yenyewe. Watoto wanakata konsonanti ya mwisho wa neno, na r wanaigeuza l. Mimi ni mtu wa Murang'a. Kumbukeni tulivyochekwa shuleni kwa kushrabu, yaani kuchanganya r na l kwa lafudhi ya nyumbani, halafu mjiulize hisia zangu nikisimama mbele ya watoto arobaini kuwasahihisha r na l. Mungu ana ucheshi wake.

Kuhusu rangi: mtaani wanakushangaa, wengine wanagusa nywele, kwenye basi kiti cha kando yako ndicho cha mwisho kujazwa. Nilinyimwa kazi nyingi nikiwa na sifa zote, na shule moja iliniambia waziwazi kwamba wazazi wanalipa ili waone mzungu. Watoto wenyewe hawana neno. Wiki ya pili tayari wanakuita kutoka ng'ambo ya barabara, na mama yao anakuongezea nyama kwenye wali bila kulipisha.

MkuuKariakoo

Wakuu, salamu kutoka Dar. Huku kwetu mtu akisema anaenda kufundisha Kiingereza nje, jirani anamcheka: "Kiingereza kipi?" Nyie Wakenya angalau mna sifa ya kukijua. Na bado mnaombwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS?

TichaKayole

Mkuu, tunaombwa. Unaenda British Council pale Upper Hill, unatoa pesa ambayo kwa mwalimu wa akademi ni mshahara mzima na zaidi, unakaa chumbani na kuonyesha kwamba unaweza kuelezea picha ya chati. Miaka miwili baadaye matokeo yanaisha muda, kana kwamba Kiingereza huoza. Usifanye mtihani wowote kabla hujajua shule yako inautaka upi, TOEIC au IELTS au mwingine.

MwalimuKigali

Naomba niingilie kwa sababu kila uzi wa namna hii unaruka kwenda Asia kana kwamba Afrika haina madarasa.

Mimi niko Kigali, niliacha kazi Umoja nikaja huku. Rwanda ilibadilisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa hadi Kiingereza mwaka 2008, na 2019 wakaamua kianze tangu darasa la kwanza la msingi. Hebu fikirieni maana yake. Mwalimu mwenzako mwenye miaka hamsini alisoma kila kitu kwa Kifaransa, leo anatakiwa kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Hapo ndipo Mkenya anapohitajika, na hakuna anayekuuliza kuhusu uzawa wa lugha. Shule yangu ilinipa darasa la watoto asubuhi na darasa la walimu alasiri.

Unaweza kuja hata kwa kitambulisho, huhitaji pasipoti, na kibali cha kazi kwa Mkenya hakitozwi ada. Mshahara haufiki wa Bangkok, nisiwadanganye. Lakini nikifiwa nyumbani nachukua basi kupitia Kampala na nafika kabla ya mazishi. Ticha, wewe wakati ule ulizika nani kwa simu?

TichaKayole

Nyanya yangu, mama mzaa mama. Umenipata.

Na umesema kweli, nakubali. Anayeanza kazi, hana uzoefu na hana akiba, Kigali ni mlango mzuri kuliko wangu.

Jaber254

Kuna kitu hapa hamjasema na kinaniuma. Binamu yangu aliondoka JKIA akijua anaenda kufundisha Kiingereza Thailand. Alipofika Bangkok alipokewa vizuri, akaingizwa kwenye gari, akaendeshwa usiku kucha. Asubuhi alivushwa mto. Hakuwa Thailand tena, alikuwa Myanmar. Darasa lenyewe ni ukumbi wa kompyuta, kazi ni kujifanya mwanamke tajiri mtandaoni na kuwatapeli Wazungu. Kiingereza chake kizuri ndicho walichokuwa wakikitafuta. Pasipoti walichukua usiku uleule. Alirudi, namshukuru Mungu, lakini si yule tuliyemsindikiza.

TichaKayole

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kulisema.

Hili si tukio la mtu mmoja. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitoa onyo tangu 2022 kuhusu kazi za uongo za Thailand zinazoishia Myanmar. Mapema 2025 kambi za utapeli za upande wa Myawaddy, mji wa Myanmar ulio mpakani, zilipoanza kuachilia watu kwa maelfu, Wakenya walikuwamo. Mji wa mpakani upande wa Thailand unaitwa Mae Sot. Likariri hilo jina. Ukifika Bangkok na dereva akasema mnaenda magharibi kuelekea Mae Sot, na shule yako ilikuwa iwe kwingine, shuka kwenye kituo cha mafuta chenye watu, piga kelele, tafuta polisi. Heri uaibike.

Na kabla ya hayo yote, ukiwa bado Nairobi: wakala wa ajira ng'ambo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA. Orodha yao iko mtandaoni, na ni kazi ya dakika tano. Ofisi yenye kapeti jipya na picha ya ndege ukutani si leseni. HAART Kenya wanashughulikia kesi za usafirishaji wa watu, wakumbuke pia.

BintiWaMwea

Mwalimu mmenitisha. Na Dubai? Na Marekani? Uingereza nasikia wanatafuta walimu.

TichaKayole

Kwa kifupi, kwa kuwa sikuishi huko. Shule za Ghuba zinaajiri Wakenya, ila wanaangalia sana digrii ya ualimu na usajili wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu), na vyeti lazima vithibitishwe: Wizara ya Elimu, halafu Mambo ya Nje, halafu ubalozi wao. Anza mapema, karatasi moja ikikataliwa unarudi mwanzo wa foleni.

Uingereza, mwaka 2023 walifungua njia ya usajili wa ualimu kwa nchi tisa zaidi, zikiwemo Nigeria, Ghana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kenya haikuwamo. Na wanaowatafuta zaidi ni wa fizikia na lugha za kigeni. Kuwapelekea Waingereza Kiingereza ni kama kupeleka omena Kisumu.

Marekani kuna viza ya J-1 ya walimu. Inataka digrii na uzoefu wa miaka miwili, unakaa hadi miaka mitatu na unaweza kuongezewa miwili. Wilaya nyingi huko zinalilia walimu wa hesabu, sayansi na wa watoto wenye mahitaji maalum. Na kuna kitu walimu wetu wengi hawakitupii jicho: programu ya Fulbright ya FLTA, ambapo kijana anakwenda chuo kikuu cha Marekani kwa mwaka wa masomo kufundisha Kiswahili. Huko wewe ndiye mzawa wa lugha.

Jirani_Rongai

Hapo kwa Kiswahili umenigusa. Lakini boss, swali la mwisho la mzazi: si mngebaki tu mfundishe watoto wetu? Shule ya mtoto wangu darasa lina watoto sabini.

TichaKayole

Mzee, swali la haki. Lakini muulize aliyetuacha nje. Junior school walipoanza kuajiri wanagenzi 2023, mwalimu mwenye digrii alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na makato yakatoka humo. Wengi walikaa hivyo hadi Januari 2025. Akademi za mtaani zinalipa hata chini ya hapo, na Desemba hazilipi kabisa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia abaki kwa uzalendo, mwambie pia duka lipi linapokea uzalendo.

Mimi nilirudi kwa sababu zangu. Simlaumu anayeondoka.

Kevo_Pipeline

Nimefuatilia kimyakimya. Naomba mnisaidie, hili tangazo nimetumiwa jana kwenye grupu la Whatsapp la tuliomaliza chuo pamoja:

"WALIMU WA KIINGEREZA 50 WANATAKIWA HARAKA BANGKOK. Digrii si lazima. Umri 20–32. Mshahara dola 1,500 + nyumba + chakula + kamisheni. Uwe unajua kompyuta na kuchapa haraka. Unasafiri na viza ya kitalii, tutaibadilisha ukifika. Ada ya usajili 35,000 kwa M-Pesa. Nafasi zinaisha Ijumaa."

Nina digrii ya elimu. Niko karibu kutuma hiyo pesa.

TichaKayole

Usitume. Tulisome pamoja taratibu.

Walimu 50 kwa mpigo. Shule yangu yote ilikuwa na wageni sita. Shule gani inafungua madarasa hamsini wiki ijayo?

Digrii si lazima: bila digrii hupati kibali cha kufundisha, kwa hiyo anayeandika hivi hana nia ya kukutafutia kibali.

Kamisheni. Mwalimu anapata kamisheni ya nini, ya kila kitenzi? Ukiona kamisheni pamoja na "kuchapa haraka", rudi usome alichoandika Jaber254.

Dola 1,500 ni kama baht 48,000 au 49,000. Hawampi hiyo Mwingereza anayeanza, wakupe wewe kutoka Pipeline na nyumba juu?

Viza ya kitalii ndiyo kiini cha yote. Shule ya kweli inakutumia barua na nakala za usajili wake, unazitumia kuomba viza mtandaoni kupitia ubalozi wa Thailand wa hapahapa Nairobi, unaondoka ukiwa na Non-B tayari. Wapo wanaobadilisha wakiwa kule, hilo lipo, lakini hao walishakuwa na shule inayojulikana kwa jina. Wewe hujatajiwa shule.

Fanya hivi. Mwandikie huyo jamaa sasa hivi umuulize vitu viwili tu: jina la shule kwa Kithai na kwa Kiingereza, na namba ya leseni yake ya NEA. Usimtukane. Uliza kama mtu aliye tayari kulipa.

Kevo_Pipeline

Nimemuuliza. Amesema jina la shule ni siri ya kampuni hadi nilipe ada.

BintiWaMwea

Siri ya kampuni? Shule?

Kevo_Pipeline

Nimemuuliza ya leseni. Amenibloku. Nimetolewa hata kwenye grupu, na aliyenitoa ni msee tuliyesoma naye darasa moja. Kumbe yeye ndiye analeta watu.

Jaber254

Hivyo ndivyo binamu yangu alivyopatikana, kupitia rafiki. Wanalipwa kwa kichwa. Hifadhi picha za skrini zote, usifute kitu, hata ile namba ya M-Pesa. Kesho nina ruhusa kazini, tukutane tuzipeleke DCI pale Kiambu Road. Na wale wengine wa grupu lenu, wapigie simu leo usiku mmoja mmoja, usiandike kwenye grupu.

Kevo_Pipeline

Sawa mkubwa. Naanza kuwapigia. Wawili walishalipa.

MwalimuKigali

Kevo, ukimaliza na hayo nitumie wasifu wako kwa ujumbe wa faragha, pamoja na namba yako ya TSC. Shule jirani na yetu inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa sekondari muhula ujao. Siahidi kitu, ila intavyu inafanyika kwa video, na jina la shule nitakutajia mwanzoni kabisa.